Marashi ya Kuagia

Bibi yangu,

Nakushika miguu kutoka London, penye mvua nyembamba kama unga wa chekeche.

Leo nimeingia duka kongwe la marashi. Chupa zimesimama rafuni kimya kama watu wanaosikiliza maulidi, na hewa yote ni waridi na ndimu, mtu unaelea tu. Muuzaji, mzee mwenye tai, hata sijamaliza kumsalimia, akanipulizia marashi mkononi. Uso ukanishuka. Nikasema ahsante, nikatoka. Si ndivyo ulivyotufunza? Udi na marashi vikishaletwa, mgeni anaaga. Nikajisemea, hawa wenzetu hata kufukuza wanafukuza kwa harufu nzuri!

Mzee akanifuata mvuani, hana hata mwavuli. "Nimekukosea nini, bibie?" Nilipomweleza desturi yetu, alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe! Hapa ndiyo kwanza tunakukaribisha." Akanirudisha ndani, akanipa kiti, nikakaa saa nzima nikinusa lile waridi likigeuka polepole mkononi mwangu, mpaka likawa harufu ya sanduku lako la nguo.

Bibi, mama kanambia kwenye simu kwamba umeanza kuwagawia watu kanga zako. Basi nimeipangusia kadi hii mkono wangu wenye marashi. Inuse, lakini usiage. Haya ni ya huku, ya kukaribishia. Kaa, bibi. Kaa mpaka nije.

Mjukuu wako,
Zuhura