Gari la Mahari Yangu

Mpendwa Baba,

Nimekasirika. Nakuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka. Na barua hii naiandika wazi, watu wa Forty-Six, mtaani kwetu Kawangware, waisome na wa Lindi, mtaani kwa kaka yako, waisome, maana yaliyosemwa juu yangu yalisemwa mbele yao wote.

Kaka yako, Baba Mkubwa, alisimama kando ya jeneza lako kule nyumbani kijijini, hata udongo hatujatupa, akatangaza kwamba mimi sijaolewa. "Huyu msichana bado ni wetu," alisema. "Mahari yake serikali imeikataa." Watu wakaguna. Wandera, mume wangu, alikuwa ameshika lile blanketi ambalo mkwe huleta kumfunika baba wa mke wake. Akaambiwa alikunje, aende akakae na wageni huko kwa hema. Baba, huyo ndiye mtu aliyekubeba mgongoni kutoka nyumbani kwako hadi barabarani siku ulipozidiwa, wakati Baba Mkubwa alikuwa amezima simu. Nililia sana siku hiyo, na watu wakadhani nakulilia wewe peke yako.

Acha nikukumbushe mambo yalivyoanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeyaanza.

Unakumbuka siku wazee wa Wandera walipokuja Forty-Six? Nyumba ilikuwa ndogo mpaka magoti ya wageni yalikuwa yanagusana. Mama alikuwa nje na jiko kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi hata ya sufuria. Wakaongea habari ya ng'ombe kama ilivyo desturi yetu Wasamia, wa upande huu na wa upande ule wa mpaka. Wewe ukacheka. "Ng'ombe nitafunga wapi hapa? Kwa nguzo ya stima?" Baba Mkubwa akadakia haraka kwamba wangekaa kwake kijijini, kwa boma lake. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia. Ng'ombe wa dada yangu walienda kwa boma hilo hilo, na sisi hatukuona hata kikombe cha maziwa. Ndipo ukasema kwamba unataka gari.

Mjomba wake Wandera alishtuka. "Mzee, mahari ni kitu iko na damu. Gari ni chuma."

"Chuma nayo hailiwi na ndugu," ukamjibu.

Nilijivunia wewe, sitaficha. Nilijiona binti wa mtu mwenye akili kuliko wazee wote waliokuwa mle ndani.

Kisha tukasafiri mimi, wewe na Wandera hadi mpakani Busia, tukavuka kwa miguu. Wandera kwao ni upande ule, lakini amechomelea mageti hapa Kawangware tangu akiwa kijana, na kila alichokuwa amejiwekea alikibeba siku hiyo. Shangazi, dada yako aliyeolewa ng'ambo, alitupa chai na viazi vitamu, akatuonyesha yadi ya magari. Wewe ulikuwa umevaa koti lako la kanisani. Watu wengine pale walikuwa wanafungua boneti na kusikiliza injini. Wewe, fundi wa vitanda, ulifungua mlango wa nyuma wa steshenwagoni moja nyeupe, ukatoa tepu mfukoni, ukaanza kupima kama ubao wa kichwani utaingia. Muuzaji alicheka hadi akajishika kiuno. "Mzee, unanunua gari ama unanunua kabati?" Na hata kuendesha ulikuwa hujui! Nilikupenda sana siku hiyo, Baba, nawe ulikuwa umepiga magoti ndani ya buti ya gari la watu.

Lakini kuna jambo sikulisema wakati huo na leo nalisema. Wandera alikuvuta kando akakueleza. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Baba, hii gari imepita miaka. Huku inakubaliwa, lakini Kenya ikizidi miaka minane hawaipei namba. Tuchukue ile ndogo ya bluu." Wewe ukaitazama ile ndogo ya bluu, ukaona kitanda hakiingii. Ukamwambia, "Ng'ombe wa babu yangu walipita hapa wakienda na kurudi. Nani aliwauliza umri?"

Ndivyo ulivyofikiri, na ndivyo sisi sote tunavyofikiri. Kwetu huo mpaka ni barabara tu ya kwenda kwa Shangazi. Harusi inavuka, maiti inavuka, kuku wa kupeleka kwa wakwe wanavuka. Ukaona kwamba kitu kikiitwa mahari, basi ni mambo ya nyumbani na serikali haina neno.

Kijana wa forodha alituuliza swali moja tu. "Hii inaingia kukaa ama kutembea?"

Wandera akakuangalia. Wewe ukajibu, "Inakuja kuona wakwe."

Yule kijana akacheka, akatupa kibali cha mgeni, kile cha muda. "Sawa mzee. Ikimaliza kuona wakwe, irudi."

Angalau yeye alitupa ukweli wote pale pale. Sisi ndio tulicheka tukapita.

Tulipoingia Forty-Six, vijana wa stendi ya bodaboda walipiga mayowe kana kwamba umetajirika. "Mzee ameomoka! Mzee, si utupige lifti!" Ulishika funguo mbele ya wazee wa pande zote mbili ukasema, "Nimepokea. Msichana ni wenu." Baba Mkubwa alikuwepo. Alikula kuku, akasifu kuku, kisha akadai arudishwe kwake Lindi kwa gari hilo, akakaa mbele na kumsumbua Wandera ampigie honi kila kona ili watu wamwone.

Na tulilifaidi, tuseme ukweli. Jumapili Mama alikaa mbele na kitambaa chake cha akina mama wa kanisa, akishikilia Biblia na mlango kwa wakati mmoja. Vitanda vyako vilifika Satellite, mtaa tunaoishi mimi na Wandera, bila kuloa mvua. Nikajifunza udereva, nikapata leseni, nawe ukawa unakaa kando yangu ukikanyaga sakafu kila nikikaribia mtu, eti unafunga breki. "Polepole, Nabwire! Huyo ni mtu wa mtu!" Nikikumbuka hilo hata sasa nacheka peke yangu saluni na wateja wananishangaa.

Halafu wakatusimamisha barabarani. Namba ya nje, kibali kimeisha zamani. Tulienda ofisini pamoja, na yule mama wa forodha alitueleza kwa upole kabisa. Gari limezidi umri, haliwezi kuandikishwa hapa, lirudi lilikotoka au litachukuliwa. Ukamwambia, "Mama, ukirudisha hii gari umevunja ndoa ya mtoto wangu." Akakutazama, akatazama kompyuta yake. "Pole, mzee. Kwa hii sistimu hakuna mahali pa kuandika mahari."

Sina ugomvi na yule mama. Ugomvi wangu ni na wewe. Kwa sababu wewe ulijua. Kwetu mahari ikirudi ng'ambo, mke naye amerudishwa kwao. Serikali ilisema lirudi, desturi ikasema likirudi nimeachika, na wewe uliyeshika pande zote mbili ulifanya nini? Ulinunua turubai! Ukalisukuma gari nyuma ya kanisa, ukalifunika, ukasema, "Hii itapita." Nilikuomba uwaite wazee useme neno moja tu mbele yao, kwamba gari likirudi Nabwire anabaki kwa mume wake. Neno moja, Baba. Ukaniambia unamalizia kitanda cha mtu. Kila nikija ulikuwa unamalizia kitanda cha mtu. Kisha kifua kikakushika, ukaenda, na hilo neno ukaenda nalo.

Nakupenda na nimekasirika. Yote mawili yanakaa ndani yangu kwa wakati mmoja na sijui niyatenganishe vipi.

Tulipotoka matangani, Baba Mkubwa alituita kwake Lindi. Onyo la mwisho la forodha lilikuwa limeshafika kanisani na kila mtu alijua. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile ulichomtengenezea, miguu ameinyoosha. "Nabwire, ukirudisha hiyo gari, umejirudisha. Wandera alete ng'ombe upya, waende kwa boma yangu kwa sababu mimi ndiye nimebaki. Ama wewe na mtoto mrudi kwetu. Hakuna ya tatu."

Hebu sikia hiyo! Mtoto wangu ana baba yake, analala kifuani kwake kila siku, lakini ni "wetu" kwa sababu gari limezeeka. Wandera alikuwa ameinamisha kichwa. Mikono yake ina alama za moto wa kuchomelea, moto uliolipia gari hilo hilo ulilochagua wewe kwa tepu. Sasa aanze upya, ili nani anywe maziwa?

Aliyesimama ni Mama. Mama huyu huyu ambaye ulikuwa ukisema haongei mbele ya watu.

"Shemeji," akasema, "hiyo mahari ililiwa. Mimi nimeipanda kwenda kanisa. Mzee ameuza vitanda nayo. Hata wewe ulikaa mbele ukisumbua upigiwe honi, Lindi nzima ikakuona. Mtu akishakula kuku, anarudisha nini? Si mifupa? Basi tunarudisha mifupa."

"Mwanamke hasimamii mahari," Baba Mkubwa akafoka.

"Nilisimamia jiko siku ilipoliwa," Mama akamjibu, akachukua mkoba wake, tukatoka. Laiti ungemwona, Baba! Ungeacha kitanda cha mtu.

Jumamosi tukaliondoa lile turubai. Wandera alikuwa amebadilisha betri, na forodha walitupa ruhusa ya kulitoa nchini baada ya faini ambayo sitaki hata kuizungumzia. Tulipakia Mama na mtoto, tukaondoka Kawangware. Baba Mkubwa alinipigia tukiwa njiani. "Ukivusha hiyo gari, usiniite baba tena." Nikamwambia nimesikia. Wandera akaniambia polepole, "Kama unaogopa, tugeuze. Nitatafuta hao ng'ombe." Alimaanisha kabisa. Ningemwambia ndiyo, angechomelea mageti mpaka macho yaishe.

Tulipokaribia mpakani nikamwomba anipishe usukani. Nilitaka mkono utakaolivusha uwe wangu, ili mtu asije akasema nimerudishwa kama mzigo.

Afisa aliangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Gari inatoka moja kwa moja?"

"Inatoka."

"Na wewe je?"

"Mimi narudi sasa hivi."

Upande ule, mama mkwe wangu alikuwa anatungoja na Shangazi. Hakulitazama gari hata kidogo. Alinitazama mimi usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umeniletea ama umenirudishia?" Kumbe na yeye alikuwa hajalala kwa woga huo huo. Nikapiga magoti, nikampa funguo kwa mikono miwili. "Nimekuletea, Mama. Ni lako la kwenda sokoni." Akazipokea. Akanishika mkono akaniinua, na mama zangu wawili wakaanza kulia kama walioambizana.

Tukala, tukaaga, tukavuka kurudi kwa miguu. Wandera alikuwa amembeba mtoto mabegani, na Mama alitangulia na kifurushi cha karanga. Simu ikalia. Alikuwa Baba Mkubwa tena.

"Uko wapi?"

"Nimeshavusha gari. Sasa naenda nyumbani."

Akauliza, "Nyumbani gani?"

"Satellite," nikamwambia. "Kwa mume wangu."

Pumzika, Baba. Hasira hii nitaimaliza taratibu, wewe huna haraka tena.

Ni mimi binti yako, uliyemwoza kwa mdomo wako mwenyewe.