Fomu ya Jarida la Ulaya

Garsen, Jumanne, Machi 1998

Nilikuwa nimekwisha kuitia sahihi fomu yao ya hakimiliki bila kuisoma, ikisubiri kutumwa tu, kwa furaha kwamba jarida la Ulaya limeikubali makala yangu ya magonjwa ya ng'ombe.

Leo nilipita kijijini Minjila kumpa habari Mama Hadija, mfugaji aliyenifundisha dawa zote nilizoziandika. Akaniomba nakala, ili mwanawe amsomee. Nikaitoa fomu niangalie kama naruhusiwa. Nikishaituma, makala ni mali yao, na hata mimi sitaweza kumpa mtu nakala bila idhini yao.

Nilipomweleza, aliniuliza:

"Kwa hivyo maneno yangu mwenyewe, mimi nitaomba Wazungu?"

Misimu miwili nimekunywa maziwa ya mama huyu, na karibu nimnyang'anye maneno yake.

Fomu nimeichana. Makala nitaipeleka kwa lile jarida dogo la Nairobi, ambalo maafisa wa mifugo wa hapa hulisoma. Profesa, mkuu wa idara yangu chuoni, alishasema kwamba bila jarida la nje sitapandishwa cheo. Naogopa kumwambia.

Nakala iliyokuwa mkobani nilimwachia Mama Hadija. Sikuomba idhini ya mtu.