Mwaka Kaka Salimu Alipohama kwa Sababu ya Bendera

Jumapili. Usagara, Tanga.

Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya na joto limebana. Gari la kampeni limepita na vipaza sauti vyake, nyuma yake likaja la wapinzani, nyimbo zikagongana hapa dirishani pangu. Majirani hawakutoka kutazama. Mimi nilitoka, nikasimama mlangoni mpaka yakapotea.

Nimemkumbuka kaka yangu Salimu.

Wanaohamia hapa siku hizi huniuliza mtaa huu ni wa chama gani. Wanadhani jibu liko kwenye kabila au dini: Wadigo huku, Washambaa kule, wa msikitini na wa kanisani. Haikuwa hivyo. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mtaa wetu uligawanyika kwa kazi. Nyumba zenye mtu aliyepunguzwa kazi kiwandani ziliingia upinzani. Zenye mstaafu, au mwenye duka aliyeanza kunawiri baada ya biashara kuachiwa huru, zilibaki na chama cha zamani.

Yetu ilikuwa na mstaafu na aliyepunguzwa.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Miaka ya shida, sukari ilipokuwa ya mgao, watu walijaa barazani kwetu wakisubiri awape kibali cha kwenda kununua. Wajane aliwatanguliza. Sisi tulikunywa uji usio na sukari ili asisemwe kuwa anajipendelea. Kisha maduka yakajaa, sukari tele, na baraza likabaki tupu. Nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Salimu naye akaachishwa kazi kiwandani. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiamka alfajiri kama mtu wa zamu, anavaa, halafu anakumbuka hana pa kwenda.

Asubuhi moja tukakuta bendera ya chama kipya inapepea juu ya paa letu.

Baba alipanda ngazi mwenyewe. Hakuichana. Aliishusha, akaikunja taratibu, akampa Salimu.

“Kaitundike kwako.”

“Kwangu ni wapi, baba?”

Jioni ile Salimu akaacha chumba chake cha uani, akahamia chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara. Palikuwa karibu kiasi kwamba nikisimama uani namwona akianika mashati yake.

Mama hakusema yuko upande gani. Aliulizwa na mume, akaulizwa na mwana, jibu lake likawa lile lile: “Kura yangu tunaijua mimi na Mungu.” Kila mchana alipika bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki, akanituma nimpelekee Salimu kabla baba hajaketi kula. Tulidhani baba hajui. Siku moja nilikutana naye mlangoni, bakuli mkononi. Akafunua kawa, akatazama ndani.

“Mwongeze samaki. Huyo hashibi.”

Akapita zake kwenda msikitini.

Siku ya kura foleni ilizunguka uwanja wa shule. Baba alikuwa mbele na wazee wenzake, Salimu nyuma na wale vijana wa kiwandani. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ile ya bendera. Mara nikamwona Salimu anatoka kwenye mstari, anakuja moja kwa moja mpaka kwa baba.

“Shikamoo, baba.”

Nilishika mkono wa mama.

“Marahaba,” baba akasema. Akakohoa kidogo. “Haya, rudi nafasini pako, wasije wakakupita.”

Salimu akarudi. Kila mmoja akapiga kura yake.

Chama cha baba kikashinda. Wenzake wakaja na ngoma kumchukua wazunguke naye mtaa mzima. Akawaambia kichwa kinamgonga, akafunga mlango. Mama alimwuliza mbona haendi, na alikuwa ameisubiri siku ile.

“Watapita pale kwake,” akasema. “Siwezi kwenda kumchezea ngoma mwanangu mlangoni.”

Nilidhani basi, Salimu atarudi nyumbani. Hakurudi. Baba alingoja aombwe, Salimu alingoja aitwe. Kazi ikapatikana Mombasa, bandarini, akaenda. Amekuwa mtu wa Idd, harusi na misiba. Baba alipofariki, waliokwenda makaburini waliniambia Salimu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, na hakutaka kutoka. Mama akafuata baadaye. Kura yake ameondoka nayo.

Naona haya kuandika hivi, lakini nautamani mwaka ule.

Siutamani ugomvi. Nawatamani watu walioamini kwamba karatasi moja inaweza kuwafungulia kiwanda. Siku hizi ukimwuliza mtu atamchagua nani anainua mabega. Jirani yangu ametundika bendera zote mbili, anasema atakayepita ndiye atakayempungia. Nilicheka, kisha nikakosa raha mchana kutwa.

Leo baada ya adhuhuri Salimu alipiga simu.

“Mtaa umeelekea wapi safari hii?”

“Sijui, kaka. Njoo uone mwenyewe.”

Akacheka. Nyuma yake nikawa nasikia magari ya huko kwao.

“Chumba cha uani analala nani?”

“Hakina mtu.”

“Haya,” akasema. Akakata.

Haya ya kuja, au haya ya kuninyamazisha? Ana umri aliokuwa nao baba wakati ule, na mimi sijawahi hata mara moja kumwambia kwa mdomo wangu: rudi.

Nimefungua madirisha ya chumba kile, nimefagia, nimetandika shuka. Sasa nampigia.