Utomvu wa Minyaa

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Nkoma pamba imechipua, na babu yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini naogopa mashine ya kusaga vichaka uliyotukodia isafishe mahame yetu, pale tulipohama zamani. Naogopa uzio wa minyaa unaoyazunguka. Nikiwa msichana, mimi na mdogo wangu Masanja tuliukata kwa panga, utomvu ukamrukia machoni. Jua lilikuwa utosini, akaniuliza, "Dada, mbona giza limeingia?" Mama alimwosha kwa maziwa ya ng'ombe. Lilipona jicho moja.

Lile lilikuwa panga tu. Mashine itaurusha utomvu kama mvua. Dereva atakuwa nyuma ya kioo, lakini watoto wa kijiji wananiuliza kila asubuhi, "Bibi, inakuja lini?" Wanataka kuitazama kwa karibu.

Bibi yako