Mwenye Kadi Afike Mwenyewe

Jumatatu, 7/10/2024
Kadi ya Maman imekataa! Placide, mudogo wangu aliyemusindikiza Kampala, amepiga simu toka hospitali. Operesheni ya jicho ni Ijumaa. Jicho la kwanza lilishakufa, hili ndilo limebaki — na mashine ya caisse, pale pa kulipia, inasema hapana. Mara tatu. Kisha kadi ikafungwa kabisa. Feza yote tuliyouzisha shamba la kule Miti iko mule. Tuliiweka mu kadi juu ya kuogopa wezi wa njiani. Wezi!

Jumanne, 8/10
Nimeomba ruhusa ku kazi, nikaenda ku agence ya banki, pale Nyawera. Steve, kijana wa guichet, pale dirishani, hata hakuinua kichwa. Ati mwenye kadi anapashwa kufika yeye mwenyewe na kitambulisho.
— Mwenye kadi yuko Kampala! Si ni kadi ya safari muliyomuuzishia?
— Ni procédure, ni utaratibu, maman Joviale.
Alicheka. Nimeona meno yake.

Jumatano, 9/10
Namba yao ya réclamation, ya kulalamikia: bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, kimya. Unité za simu zimekwisha. Placide anasema wanataka kumupatia mugonjwa mwingine nafasi ya Maman. Sikula.

Alhamisi, 10/10
Leo nimepita guichet bila kuuliza, mpaka kwa gérant, mukubwa wa agence, papa Chrispin. Nimepiga kelele. Ndiyo, mimi, mu-secrétaire wa paruasi, mutu wa kanisa! Wateja wote walisimama kusikiliza. Kwa kuona haya, gérant akakubali: tumuone Maman mu vidéo. Placide akashika simu. Maman akatokea, kitambaa kichwani, akasalimia vizuri, Jambo papa. Gérant akamuambia asome namba zilizo nyuma ya kadi. Yeye mwenyewe, si mutoto wake.
Maman akaisogeza kadi karibu ya pua. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
— Nisome na jicho gani, papa?
Na huyu mutu — Mungu wangu! — akajibu kwamba hakuna haraka, wanaweza kungoja mpaka atakapoona vizuri.
Nimekaa chini, mbele ya mulango wake. Naandika hapa hapa, daftari ku magoti. Gérant ameamuru mulinzi anitoe. Mulinzi, muzee Donatien, anaangalia viatu vyake. Saa kumi, saa ya kufunga. Maman mumoja, muteja mwenye kadi yake mukononi, amekuja, amekunja kitenge, amekaa pembeni yangu. Wengine wanamufuata; sasa wako wanne. Steve anazima taa —