Injini Moja Ikikwama, Dada Mwende

Dada Mwende mpendwa,

Ni miezi sasa tangu tukuzike nyumbani Kalama, na bado nikikwama na hesabu zangu natamani kukupigia simu unicheke. Kwa kunicheka ulikuwa hodari! Likizo ile niliyokuja kutoka masomoni ng'ambo, ulirudi kutoka kiwanda cha nguo cha Athi River miguu imevimba, ukaitia kwenye beseni la maji ya chumvi, ukaniambia, "Haya profesa, hiyo roketi yako iko na shida gani?"

Nikakueleza. Roketi nzito husukumwa na injini kadhaa, nazo huinamishwa kidogo huku na huku ili isiende upande. Moja ikikwama angani, kompyuta huzigawia zilizobaki kazi yake. Shida ni kwamba injini iliyokwisha kuinama hadi mwisho haiwezi kuongezewa. Ukiilazimisha, roketi nzima inabingirika.

"Kumbe ni kama laini yetu ya kushona!" ukasema. "Mtu akigonjeka, supavaiza anatupa kola zake kwa yule ako karibu. Hata haangalii kama huyo amechoka. Kesho tuko na wagonjwa wawili."

Tulicheka mpaka maji yakamwagika, na mama akatugombeza sote wawili kama watoto. Nayakumbuka macho yako siku ile. Nakupenda, dada, na bado nina uchungu wa kukukosa.

Baada ya mazishi, ukoo uliketi ukaamua binti yako Ndunge akae na mama, kwa kuwa mama ndiye aliye karibu. Hakuna aliyeuliza magoti ya mama yanaendeleaje. Mama naye, unamjua, kila nikipiga simu ni "niko sawa tu." Ni Ndunge aliyeniambia kwamba susu, ndivyo anavyomwita bibi yake, siku hizi hupumzika njiani kila akitoka kuteka maji, na huenda nyuma ya jiko kulia akidhani hakuna anayemwona.

Kwa hiyo narudi. Tasnifu nitaimalizia Machakos, hata ikichelewa. Mwalimu wangu hakufurahi, lakini amekubali.

Jana Ndunge aliniuliza kwenye simu, "Anti, ukikuja utarudi tena huko?"

"Hapana. Nakuja kukaa na nyinyi."

Akasema, "Basi wacha nimwambie susu aache kulia."

Pumzika, Mwende. Ndunge atakuwa nami.

Mdogo wako