Jina Langu kwenye Mistari Nisiyoichora

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mhitimu wa shahada ya jiofizikia, mwajiriwa wa kampuni ndogo ya upimaji wa ardhi hapa Ifakara, na ninaomba msaada wako nikiwa na hasira, kwa sababu nimetakiwa kutia saini uongo.

Tulipewa kazi ya kutafuta maji ya kisima cha kijiji karibu na Namawala, ambako chini ya udongo wa mfinyanzi umefukiwa mkondo wa mto wa kale uliojaa mchanga wenye maji, nami nikakabidhiwa kubuni upimaji: tunagonga bamba la chuma kwa nyundo, mtikiso unashuka ardhini na kurudi, na vinasa mtikiso vilivyopangwa kwenye mstari vinatuchorea picha ya kilichoko chini. Kwa wiki tatu nilihakikisha kwamba kila mstari unaukata mkondo huo kwa upana, kama mtu anavyokata mkate ili auone ndani, na kwamba vinasa vinakaa kila baada ya mita mbili, katikati ya mashamba ya mpunga, mbali na barabara. Nikaugua malaria siku nne, na niliporudi nikakuta bosi wangu, Mhandisi Fulgence, amehamishia mistari yote kando ya barabara, sambamba na mkondo, vinasa kila mita kumi, malori ya mpunga yakipita na kuvitikisa! Nilipohoji, alicheka mbele ya mafundi: "Binti, ardhi ni ileile. Tope na ugomvi wa wakulima vya nini, na barabara ipo?"

Picha iliyopatikana ni ukungu mtupu, lakini ameshaweka alama ya kuchimba, na kwenye ripoti ameandika kuwa mbunifu ni mimi. Nisiposaini kufikia Ijumaa, mkataba wangu hautaongezwa.

Ni kweli kwamba awali mkulima mmoja, Mama Agnella, aling'oa vigingi nilivyochomeka kuonyesha mistari akifoka, "Nani kakuruhusu kuchomeka miti kwenye kitalu changu?" lakini hilo nililiona dogo, la mtu asiyeelewa sayansi.

Je, nisaini?

Violeth, Ifakara

Marahaba, Violeth.

Usisaini. Wanakijiji wachimbiwe shimo kavu kwa sababu mtu mzima kaogopa tope, halafu lawama ibebwe na jina lako? Hapana!

Sasa zamu yako. Umechomeka kigingi katikati ya miche ya mpunga bila hata hodi, kwa mama anayesubiri umletee maji, kisha unasema haelewi sayansi. Ulimweleza lini? Wewe ndiye uliyempa Fulgence kisingizio cha kukimbilia barabarani. Mimi si mtaalamu, lakini nijibu: mstari wako ukisogezwa hatua thelathini, ukakipisha kitalu, hautaukata mkondo? Utaukata. Ulikuwa unang'ang'ania mstari ulivyo kwenye karatasi tu.

Kabla ya Ijumaa, mwandikie bosi wako, nakala kwa kamati ya maji ya kijiji. Eleza mistari uliyobuni wewe, ile iliyopimwa badala yake, na kwamba picha hiyo haionyeshi mchanga uko wapi. Omba uchimbaji usubiri hadi mpime upya. Mkataba unaweza kuupoteza, sikufichi. Lakini shimo kavu lenye jina lako litakufuata kila ofisi utakayoomba kazi.

Jumamosi nenda kwa Mama Agnella, bila vigingi. Mwamkie, omba radhi, kisha mwombe akuonyeshe mwenyewe pa kupita. Siku ya kupima upya, nyundo mpe yeye agonge bamba mara ya kwanza.